Tusiisujudie saruji, wala tusiudharau udongo

Kwa muda wa muhula mzima, mwaka 2013, wanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi kule kwetu mashambani walisomea chini ya mwembe kwa sababu yangu. Shule hiyo sitaitaja jina, kwani haikukosa lolote. Aliyekosa ni katibu wa kamati yake ya ujenzi, na katibu huyo ndiye mimi ninayeandika makala haya.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, kamati yetu ilikuwa na fedha za kujenga madarasa mawili, nazo hazikutosha kununulia mawe ya kuchonga. Mimi nilikuwa nimetoka kuhudhuria maonyesho ya matofali ya udongo unaochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha ukaachwa ukauke bila kuchomwa moto. Nilirudi nimetekwa bakunja. Niliwahutubia wazazi juu ya miti inayoteketea katika tanuri za matofali, juu ya joto linalozidi duniani na juu ya fedha tutakazookoa, hata wakakubali kwa shingo upande. Kisha, ili kupunguza gharama ya lori, tukachimba udongo mweusi wa bondeni, hatua chache tu kutoka kiwanjani. Hatukuupima. Matofali tuliyaanika juani tangu siku ya kwanza kama watu waanikao nguo. Paa nalo tulilifupisha ili tuokoe mabati.

Masika ilipofika, kuta zilianza kumomonyoka upande wa chini, na nyufa zikapanuka hata mtoto akaweza kupitisha kalamu kutoka darasa moja hadi la pili. Mzazi mmoja alinikuta uwanjani akaniambia mbele ya watoto: "Mwalimu, ulituahidi darasa, ukatujengea kichuguu." Sikuwa na jibu. Darasa moja lilibomolewa, na wanafunzi wakahamia mwembeni.

Nimeanza kwa kuungama kwa sababu kosa langu lilizaa fundisho ambalo nalo ni kosa. Wazazi walitoka pale wakiamini kwamba udongo ni ufukara na saruji ndiyo maendeleo. Wengi wetu, walimu tukiwamo, tunaamini hivyo hivyo. Huku mijini, wapo wanaohubiri kinyume chake, kwamba saruji ni haramu na kila jengo lifaa kuwa la udongo au mianzi. Mimi nasema pande zote mbili hazijauliza swali lenyewe. Swali ni hili: kila sehemu ya jengo inahitaji nguvu kiasi gani, na ni kitu gani kilicho karibu nasi kiwezacho kuitoa nguvu hiyo kwa gharama ndogo, kwetu na kwa dunia?

Kwanza tuifahamu saruji yenyewe. Mwaka 1824, mwashi Mwingereza aitwaye Joseph Aspdin, wa mji wa Leeds, alipewa hataza ya unga aliouita saruji ya Portland, kwa kuwa ulipoganda ulifanana na jiwe maarufu la huko Portland. Tangu wakati huo ufundi umeboreshwa sana, lakini msingi wake haujabadilika. Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo, yakachomwa katika tanuri hadi kufikia joto la nyuzi 1450 hivi, yakatoka vinundu vigumu viitwavyo klinka. Klinka hiyo husagwa pamoja na jasi kidogo, nayo ndiyo saruji.

Hapa naomba mwalimu wa kemia anisaidie ubaoni. Jiwe la chokaa ni kalisi, kaboni na oksijeni. Ukichukua kilo 100 za chokaa safi ukazichoma, utabaki na kilo 56 tu za chokaa kali. Kilo 44 zitakuwa zimepanda angani zikiwa hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzihesabu kwa uzito wa atomi: 40, 12, na 16 mara tatu. Hewa hiyo haitoki katika moto, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Ndiyo maana hata tanuri lingewashwa kwa jua au kwa upepo, bado zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokanayo na saruji ingeendelea kutoka. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kila mwaka, na kazi hiyo huchangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Najua kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Atasema: "Uchina peke yake hutengeneza karibu nusu ya saruji ya dunia. Ulaya na Marekani zilikwisha kujenga madaraja, mabwawa na maghorofa yao. Leo, sisi tunapotaka kuwa na darasa lenye sakafu, ndipo tunaambiwa habari za hewa ya ukaa?" Malalamiko haya ni ya haki. Mtoto wa Turkana au wa Kwale hana deni la moshi wa viwanda vya karne ya 19, na mtu asidhani nataka kumnyima sakafu. Msingi wa jengo, nguzo, mihimili, tangi la maji na daraja vinahitaji zege, na vitaendelea kulihitaji.

Hata hivyo, nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba mwenye kuumia kwanza kwa ukame na mafuriko ni sisi sisi, awe nani aliyeyaanza. La pili ni la mfukoni. Karibu kila njia ya kupunguza hewa ya ukaa katika ujenzi ni njia ya kupunguza klinka, na klinka ndiyo sehemu iliyo ghali zaidi katika mfuko wa saruji. Hapa masilahi ya dunia na masilahi ya mzazi anayelipa mchango wa ujenzi yamekutana njiani. Ni nadra sana hayo kutokea.

Isitoshe, sisi si wageni wa elimu hii. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nenda Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nenda Lamu. Utakuta kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikanishwa kwa chokaa, na hakuna hata chembe moja ya saruji ya Portland ndani yake. Waashi wa pwani walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu, wakayachoma, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa iive kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ikishatiwa ukutani, chokaa hiyo hugeuka jiwe polepole kwa kuivuta tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka. Mafundi wa leo wanapoukandika kwa lipu ya saruji, kwa nia njema ya kuuimarisha, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika, na lipu hubanduka vipande vipande.

Lakini tusiwapake wahenga mafuta kwa mgongo wa chupa. Tanuri zao zilikula magogo mengi, na matumbawe ni makao ya samaki. Tukisema leo kila Mkenya ajenge kwa matumbawe na mikoko, tutaimaliza bahari pamoja na msitu wake. Tunachorithi kwao ni akili yao: walitazama kilichokuwa miguuni mwao, wakajifunza tabia yake, wakakitumia mahali pake.

Akili hiyo hiyo waliitumia Warumi. Karibu na mji wa Pozzuoli nchini Italia kuna majivu ya volkano ambayo, yakichanganywa na chokaa, huganda hata chini ya maji. Kwa mchanganyiko wa namna hiyo waliezeka Pantheon mjini Roma, kuba lenye upana wa mita 43, lililokamilika yapata mwaka 126, na ambalo limesimama hadi leo bila nondo hata moja. Kutokana na jina la mji ule, majivu hayo yaliitwa pozolana.

Je, Kenya tuna pozolana? Tunayo tele. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na mawe yake ya majivu husagwa na kutiwa katika saruji tunayoinunua kila siku. Mwalimu, siku moja chukua mfuko mtupu uuingize darasani. Soma maandishi yake pamoja na wanafunzi. Ukiona CEM I, ujue hiyo ni karibu klinka tupu pamoja na jasi. Ukiona CEM IV, ujue imechanganywa na pozolana: herufi A baada yake humaanisha asilimia 11 hadi 35, na herufi B humaanisha asilimia 36 hadi 55. Nambari 32.5 au 42.5 huonyesha nguvu ambayo saruji hiyo sharti iwe imeifikia, katika kipimo cha maabara, baada ya siku 28. Saruji ya 32.5 yatosha kwa lipu na kwa kuunganishia mawe, ilhali mhandisi atadai 42.5 kwa nguzo na mihimili ya ghorofa. Anayenunua ile yenye nguvu zaidi kwa ajili ya lipu ameitupa fedha, na amechoma jiwe bure. Anayenunua ile hafifu kwa ajili ya nguzo za ghorofa, kwa sababu ni rahisi, anahatarisha roho za watu. Elimu ya kuutambua mfuko ni ndogo, lakini ni wangapi wanayo?

Utafiti haukukomea kwenye pozolana. Profesa Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, akishirikiana na wenzake wa Kuba na India, ameendeleza saruji iitwayo LC3, ambamo nusu tu ni klinka. Asilimia 30 hivi ni udongo mfinyanzi uliochomwa, asilimia 15 ni chokaa mbichi iliyosagwa, na iliyosalia ni jasi. Udongo huo huchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi tu, na unapochomwa hutoa maji, hautoi kaboni kama jiwe la chokaa. Hewa ya ukaa hupungua kwa kiasi cha hadi asilimia 40, na nguvu za saruji hazipungui kwa kiasi cha kutisha. Udongo unaofaa kwa kazi hiyo, uitwao kaolini, si lazima uwe ule mweupe safi wa kutengenezea vyombo. Hata ulio na uchafu kidogo hufaa. Kaolini ipo Kenya, mathalani Mukurweini katika Kaunti ya Nyeri. Vilevile maganda ya mpunga wa Mwea, yakichomwa kwa kadiri inayostahili, hutoa majivu yenye silika nyingi yawezayo kufanya kazi ya pozolana.

Hayo ni ya viwanda na ya wataalamu. Yapo mengine yaliyo mikononi mwetu tangu leo, na la kwanza ni maji. Mwaka 1918, mtafiti Duff Abrams, akiwa Chicago, alionyesha kwamba nguvu za zege hutegemea zaidi uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu hupungua. Mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 25 za maji katika zege la kawaida. Fundi wetu, akitaka zege liteleze upesi kutoka kwenye wilbaro, huongeza ndoo nyingine. Zege huwa jepesi kumwaga, na huwa dhaifu maisha yake yote. Kisha, kesho yake, hulitelekeza juani. Zege haligandi kwa kukauka. Huganda kwa kunywa maji, nalo lataka kufunikwa na kunyunyiziwa kwa siku 7 angalau. Tukifika hapo tunaona linapasuka, na tiba yetu ni ile ile: tuongeze saruji! Mfuko wa tatu unafanya kazi ambayo mfuko wa pili ungeifanya kama fundi asingekuwa na haraka. Israfu ya namna hii haihitaji mtambo mpya wala msaada wa kigeni ili ikomeshwe.

La pili ni udongo, na hapa narudi kwenye aibu yangu. Miaka miwili baada ya darasa lile kubomolewa, nilimtembelea mwashi mmoja mzee wa kijiji cha jirani, nikamsimulia yaliyonipata. Nilitarajia anipe pole. Aliniuliza, "Mwalimu, udongo wenyewe uliuona ukiwa mkavu?" Nikamwambia, "Mzee, tuliuchimba ukiwa na unyevu, nasi tulikuwa na haraka." Akacheka kidogo, akanionyesha nyufa za shamba la bondeni wakati wa kiangazi, pana kuingia kiganja. "Ardhi inayojipasua yenyewe," akasema, "utaiambiaje ikishakuwa tofali isijipasue?"

Nilifundisha sayansi miaka mingi, lakini swali hilo sikuwa nimejiuliza. Udongo mweusi wa bondeni hufura ukinywa maji na kunywea ukikauka, na saruji kidogo haiwezi kuushinda. Unaofaa ni ule mwekundu wa mlimani, kama murram, wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi. Kuupima si kazi ya maabara. Jaza theluthi ya chupa ya kioo kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha uiache. Mchanga hutua kwa muda wa dakika moja, vumbi laini hufuata, na mfinyanzi hutua kesho yake. Utaona tabaka zake kama unavyoona rangi za bendera. Kipimo cha pili ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, na upana na kina cha sentimita 4. Kijaze udongo uliolowa, kiache kivulini siku kadhaa, kisha pima udongo umenywea kiasi gani. Ukinywea kidogo, sehemu moja ya saruji kwa sehemu 18 za udongo yaweza kutosha. Kadiri unavyonywea zaidi, ndivyo saruji inavyohitajika zaidi. Pengo likizidi sentimita 5, udongo huo usiutumie kabla ya kuuongezea mchanga.

Tulifanya hivyo mwaka 2016, mimi na wanafunzi wa darasa la saba. Udongo wa bondeni ulinywea sana hata mtoto mmoja akatia vidole vyake vitatu kwenye pengo. Ule wa mlimani ulinywea upana wa kidole chembamba. Hapakuwa na haja ya hotuba. Kwa udongo wa mlimani tulijenga stoo ndogo ya vitabu, juu ya msingi wa mawe na zege, matofali yakiwa yamefunikwa kwa majani na kunyunyiziwa maji wiki nzima kabla ya kuachwa kivulini yatimize siku 28, na paa likiwa limechomoza vya kutosha kuzikinga kuta. Stoo hiyo imepita masika baada ya masika, na vitabu vyake ni vikavu.

Wenzetu wamefanya makubwa zaidi ya stoo. Francis Kéré wa Burkina Faso, mwana wa kijiji cha Gando, alirudi kwao akajenga shule ya msingi kwa matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, ikakamilika mwaka 2001. Wanakijiji nao walikuwa na shaka, kwa kuwa nyumba zao za udongo zilikuwa zikibomoka mvua zinaponyesha. Aliinua paa la mabati juu ya dari ya matofali ili hewa ipite na joto litoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo. Huyu huyu ndiye aliyebuni chuo cha teknolojia karibu na Ziwa Turkana, kilichofunguliwa mwaka 2021, chenye minara ya kupitisha hewa iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa vya huko huko Turkana. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mzazi aliyeniambia nimewajengea kichuguu. Laiti ningekuwa nimejenga kichuguu! Mchwa hupima udongo wake.

Sasa kamati ya shule ile inataka kujenga madarasa mengine mawili, na wazazi wamegawanyika. Wapo wanaosema stoo si darasa, nami siwalaumu, kwani waliosomea mwembeni ni watoto wao. Safari hii sikuwapa hotuba. Nimeomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kura kupigwa, visanduku viwili vya udongo viwekwe mezani, pamoja na hesabu ya mifuko ya saruji itakayohitajika kwa kila njia, kuanzia msingi hadi lenta. Wakichagua mawe baada ya kuyaona hayo, nitatia sahihi. Watakuwa wamechagua kwa hesabu, wala si kwa kuona haya.

Kwenu walimu, ombi langu ni hili: ukuta wa darasa ni kitabu cha sayansi ambacho hatujapata kukifungua. Wapelekeni wanafunzi nje na chupa, kisanduku na mfuko mtupu wa saruji. Nanyi wanafunzi, siku fundi atakapofika shuleni kwenu kumwaga zege, simameni karibu kwa adabu mhesabu ndoo zake za maji. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijifunza, kwa gharama ya watoto wa wenzangu, kwamba asiyeupima udongo ataujenga ukuta huo mara mbili.